Mkono Uliopona Kabla Yangu

Mwanangu Gaudensia,

Salamu tutapeana kesho alfajiri pale stendi, na kwa jinsi ninavyomfahamu mama yako, mimi sitapata nafasi ya kusema la pili. Ndiyo maana nimekaa mezani jioni hii, wewe ukiwa umekwenda Mshangano kumuaga shangazi yako. Habari za blanketi zito, za baridi ya Moshi, za kutokula kitu cha mtu usiyemjua ndani ya basi, hizo mama yako amezimaliza na wala sitaongeza neno. Mimi nakupa habari moja tu, ya mkono wangu, kama ilivyokuwa.

Umekua ukiisikia mitaani hapa Mfaranyaki, na kila mtu ana yake. Wako wanaosema nilirogwa na fundi mwenzangu, kisha nikazinduliwa. Wako wanaosema niliombewa. Na yuko jirani mmoja, simtaji, anayesema sikuwa mgonjwa kabisa, nilichoka tu kushona nikatafuta sababu. Sijawahi kukukalisha nikakueleza. Sasa unakwenda kusomea mazoezi ya viungo, kazi ya kuwasimamisha watu, na si vizuri uende na habari ya nusu.

Nilikuwa fundi cherehani, na nilikuwa fundi hasa. Sisemi kwa majivuno. Au tuseme nasema kwa majivuno kidogo. Shule zikikaribia kufunguliwa, baraza letu lilijaa wazazi wanaotaka sketi za marinda, na maharusi wa mji huu walikuwa wakiniletea suti zao hata kama mtaani kwao kuna mafundi. Nilishirikiana baraza na Kassimu, Myao kutoka Tunduru, ambaye alikuwa mwepesi kuliko mimi lakini kwenye kola alikuwa ananiita.

Ajali yenyewe ilikuwa ndogo. Ilikuwa kifuku, mvua imenyesha tangu asubuhi, nami nimepanda bodaboda nikipeleka suti ya bwana harusi. Kwenye mteremko tukateleza. Mkono wa kushoto ulikuwa umekumbatia suti, na akili ya fundi ikanikataza kuiachia, kwa hiyo nikajikinga na wa kulia peke yake. Suti haikupata hata doa. Kifundo cha mkono wangu kilivunjika.

Walinifunga hogo, ile plasta ngumu, nikakaa nayo mpaka wakaitoa. Daktari akanionyesha picha. Mfupa umeunga, akasema, nenda ukafanye kazi. Nikaenda nyumbani na mkono uliokuwa unawaka moto.

Naomba unielewe hapa, maana utakutana na watu wa namna yangu. Ngozi ilikuwa nyekundu, inang'aa, mara ya moto mara ya baridi. Vidole vilijikunja havitaki kunyooka. Shuka likinigusa napiga kelele. Upepo ukinipiga naumia, upepo, Gaude! Mashati yangu yote niliyakata mkono mmoja. Nilipotoka niliutia mkono ndani ya koti, nikajifunza kusalimia kwa kushoto na kuomba radhi kwa wazee. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Siku moja ulinikimbilia kutoka uani ukaudaka ule mkono kwa furaha, nami nikakusukuma ukaanguka. Hukulia. Ulinitazama tu. Tangu siku ile ukawa unanijia kwa upande wa kushoto, bila kuambiwa na mtu. Nimepata maumivu mengi katika ule mwaka, lakini lile la kukuona unazunguka kiti ili uje kushoto lilikuwa la peke yake.

Wakati huo alikuwa amehamishiwa hospitali ya hapa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada wa Kitanga, Bi Zuhura. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, mpole, Kiswahili chake kimenyooka mpaka mtu unaona haya kufungua mdomo. Aliutazama mkono bila kuugusa. Nilimheshimu kwa hilo, maana wengine wote walianza kwa kubonyeza.

"Baba Gaude," akasema, "mfupa umeunga vizuri. Mkono huu umepona. Ila ubongo wako bado unaulinda, kana kwamba hujainuka kwenye lile tope."

"Kwa hiyo unaniambia ni mawazo."

"Sikusema mawazo."

"Umesema ubongo. Mimi si kichaa, Dokta."

Nikaondoka bila kuaga. Nilifika nyumbani na hasira yangu, nikamweleza mama yako. Alikuwa anachambua likolo, mboga za majani, hakuinua hata uso.

"Alisema wewe ni kichaa?"

"Alisema ubongo."

"Ubongo kila mtu anao, Egno. Ulimuuliza ana maana gani?"

Sikuwa nimeuliza. Nilipoteza miezi kwa sababu ya kutouliza. Katika miezi hiyo nilikwenda kila mlango niliotajiwa. Nilichanjwa, nikafukizwa, nikameza vidonge vya rangi zote, na aliyenieleza kwamba nimerogwa nilimsikiliza kuliko nilivyomsikiliza yule dada. Unajua kwa nini? Kwa sababu aliyesema nimerogwa alikubali kwamba naumia kweli. Nilidhani Bi Zuhura amenikatalia maumivu yangu.

Kilichonirudisha kwake ni Kassimu, bila yeye kujua. Nilikuwa na mazoea ya kwenda kukaa barazani na kumtazama akishona, kwani nyumbani nilichoka kuhurumiwa. Siku hiyo alikuwa anamalizia kola. Kitambaa kikamponyoka, kidole kikaenda chini ya sindano, akakiwahi. Papo hapo moto ukanipanda kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko, nikaruka.

"Umejichoma?" nikamuuliza.

"Hapana, nimewahi."

"Sasa mbona mimi nimeumia?"

Kassimu akacheka, akidhani ni utani. Mimi sikucheka. Niliutazama mkono wangu. Ulikuwa umelala juu ya paja, haujaguswa na kitu, hata nzi. Nani ameuumiza? Nikakaa pale na lile swali mpaka Kassimu akaanza kuniangalia kwa wasiwasi. Kesho yake nilikuwa wa kwanza kwenye benchi la Bi Zuhura.

Nilimsimulia yaliyotokea. Nilitegemea anikumbushe jinsi nilivyoondoka mara ya kwanza. Hakukumbusha. Alivuta kiti akakaa karibu, uso umemchangamka.

"Sasa tumepata mahali pa kuanzia," akasema. "Sikiliza, Baba Gaude. Maumivu yako ni ya kweli kabisa, wala hujayabuni. Ila ubongo wako umekuwa kama mlinzi wa geti aliyevamiwa mara moja. Sasa anampigia kelele hata mwenye nyumba. Hatumfukuzi kazi, tunamzoesha upya."

"Kwa dawa gani?"

"Kwa polepole."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Mwanzo alinipa picha za mikono, niseme upi wa kulia na upi wa kushoto. Mimi, fundi niliyekata mikono ya makoti maisha yangu yote, nikawa nakosea! Kisha akanitaka nifumbe macho na kuwaza tu kwamba nafungua vidole, bila kuvifungua. Hata kuwaza kuliuma, kwa hiyo tulipunguza mawazo: leo kidole kimoja, kesho tuone. Baadaye ndipo akaniambia nitafute kioo.

Nilileta kile kioo cha wateja kutoka barazani. Tukakisimamisha mezani kwa ubavu, mkono wa kushoto mbele yake, wa kulia umefichwa nyuma. Ukitazama kioo, unaona mikono miwili mizima. Zoezi nililifanya hapa nyumbani, mama yako amekaa upande wa pili. Nikaufungua wa kushoto taratibu, na kwenye kioo nikauona mkono wa kulia, mkono wangu, unafunguka bila shida, kama ulivyokuwa kabla ya ajali. Nilicheka. Halafu machozi yakaja yenyewe, sikuyazuia.

Mama yako akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege:

"Egno. Huku nyuma, kidole cha mwisho kimesogea."

Usifikiri ikaisha hapo. Nilipopata nafuu kidogo nilijiona mshindi, nikaenda barazani nikachukua mkasi, nikakata suti nzima kwa mkupuo. Kesho yake mkono ulikuwa umevimba, nami nikawachukia watu wote, kuanzia Bi Zuhura mpaka mwenye suti. Bi Zuhura hakunigombeza. Aliniuliza kama nilikata vizuri. Nikasema nilikata vizuri sana. "Basi tumejua kwamba unaweza," akasema. "Sasa tujue ni kiasi gani." Tangu niingie kazini kwake nimewaambia wagonjwa maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba wengine wanadhani ni yangu.

Kuna jambo moja lilikuwa langu kweli. Alitaka niuzoeshe mkono kuguswa, akanipa pamba. Nikamwambia, Dokta, mimi vitambaa ndiyo shule yangu. Nikakusanya mabaki kutoka chini ya meza ya Kassimu, nikayapanga kutoka laini hadi kali: hariri, satini, pamba, kitenge, kaki, jinzi, na mwisho kipande cha gunia. Kila siku najipangusa kidogo kwa kipande kimoja, nikikizoea nahamia kingine. Bi Zuhura alipoyaona alishika kiuno akacheka, akaniomba nimtengenezee fungu la wagonjwa wengine. Nilikuwa nimefika jinzi siku uliponishika mkono wa kulia kwa bahati mbaya tukivuka barabara. Ulishtuka ukauachia. Nikakurudishia. Tukatembea hivyo mpaka kanisani, na homilia ya siku ile usiniulize.

Sasa, jinsi nilivyoingia kazini. Kwenye benchi lile la kusubiri alikuwa anakuja mzee mmoja wa Mshangano, amepata kiharusi. Alikuwa mtu mkubwa, sauti nzito, na mkono wake mmoja daima umefunikwa na skafu. Watu walidhani anasikia baridi. Mimi nilijua. Siku moja nikasogea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Samahani nikuulize. Huo mkono unaulinda, au unauficha?"

Akanitazama kwa ukali. Nilijua nimevuka mpaka. Kisha akasema, "Kuna tofauti?"

"Ipo. Mimi wangu niliuficha muda mrefu nikidhani naulinda."

Nikautoa wa kwangu, nikamwonyesha vidole, kile kinachonyooka na kile kisichonyooka mpaka leo. Akautazama, halafu akaivuta skafu mwenyewe. Sikufanya kitu kingine, Gaude. Sikumgusa, sikumpa zoezi. Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote, na kabla sijaondoka akaniuliza kama ningependa kuja kumsaidia asubuhi chache.

Asubuhi chache zikawa zote. Nikawa mhudumu wa kile chumba, nabeba mito, nashikilia watu wanapojaribu kusimama, nazungumza na wale waliokata tamaa. Baadaye wakanipeleka kozi ya wasaidizi, nikakaa darasani na vijana wa kuwazaa. Kassimu aliona nimepotoka. "Mkono umerudi," akasema, "halafu unaacha cherehani ukashike miguu ya watu?" Jibu lilikuja siku kadhaa baadaye, tukiwa tunakunywa chai. Nikamwambia, suti naifurahia ikiisha. Mtu namfurahia anapoanza. Akatikisa kichwa, akasema basi nimwachie wateja wangu. Nikamwachia, na mpaka leo anasema nilimwachia wasumbufu watupu.

Sikufichi pale nilipojikwaa. Nilipoona jinsi nilivyopona, nilianza kuona mkono wangu kwa kila mgonjwa. Alikuja mama mmoja mkulima, Mama Blandina, analalamika mgongo. Alikuwa amefiwa na mumewe, na nikajiambia hapa nimeshafika, huyu mwili unalia kwa ajili ya moyo. Nilimkalisha, nikamweleza habari ya mlinzi wa geti, nikampa mazoezi ya kupumua na kutembea. Alirudi akiwa amekonda zaidi. Bi Zuhura akamsikiliza, akamgonga mgongo taratibu mfupa kwa mfupa, akamuuliza habari za homa na jasho la usiku, maswali ambayo mimi sikuyauliza. Akampeleka apigwe picha. Ilikuwa kifua kikuu, kimeingia kwenye uti wa mgongo.

Alitibiwa akapona, na bado analima. Nami niliitwa pembeni. "Baba Gaude," Bi Zuhura akaniambia, "wewe ulikuja na mfupa uliopona. Si kila mtu anakuja hivyo. Mwili huzungumza na akili, lakini mara nyingine mwili huwa unasema ukweli mtupu: naoza, nitazameni." Niliumia kuliko siku ya ajali. Lakini nilirudi kazini kesho yake, na tangu hapo nasikiliza kwanza, habari yangu nabaki nayo mfukoni mpaka ihitajike. Mara nyingi haihitajiki.

Wewe utafundishwa vizuri kuliko mimi. Utajua majina ya misuli ambayo mimi naionyesha kwa kidole. Ninachokuomba ni kwenye maneno. Usimwambie mtu anayeumia kwamba ni mawazo tu. Hata kama hukutumia neno hilo, mtazame usoni uone kama ndilo alilosikia. Mtu akiondoka kwako kwa hasira, usimfute. Huenda yuko njiani kurudi na hajui. Na omba ruhusa kabla ya kugusa, hata kwa mtoto.

Sasa lile lililonikalisha hapa hasa. Jumapili baada ya misa nilikusikia ukiwaambia wenzako wa kwaya, "Naenda kumalizia kazi ya baba." Nilijisikia fahari mpaka nikanyoosha kola. Lakini tulipofika nyumbani ile fahari ikanigeukia. Gaude, kazi yangu haina mahali palipobaki wazi. Nimeifanya kwa mkono mmoja na nusu, nami nimeridhika nayo. Ukienda Moshi kulipa fadhila ya baba, siku masomo yatakapokuwa magumu utanichukia, na utakuwa na haki. Ukiona si yako, rudi. Nyumba ni hii hii na mama yako atapika vilevile.

Ila siamini kwamba si yako, na nina ushahidi.

Unakumbuka mama yangu alipoanguka kule Mpitimbi, akaumia nyonga? Alitibiwa, akaruhusiwa, mfupa ukakaa sawa. Lakini hakusimama. Nilikwenda na ujuzi wangu wote. Nilimweleza, nikambembeleza, nikamletea fimbo nzuri. Akaniambia, "Mwanangu, wewe wasimamishe wa mjini, mimi niache." Alikaa kwenye mkeka karibu na mlango wa jiko, anatoa amri, akiogopa hata kuvuta mguu. Nilikuwa nimeshaanza kuizoea ile hali.

Wewe ulikuwa likizo ya kidato cha pili. Nilikuwa nimekaa uani natengeneza mpini wa jembe, nakuona kwa mlangoni. Uliinjika sufuria. Maji hata hayajapata uvuguvugu, ukachukua ungo mzima wa unga ukaumwaga wote. Wote, Gaude, mpaka likatoka vumbi.

"Wewe mtoto!" bibi yako akapiga kelele. "Unafanya nini?"

"Nasonga ugali, bibi."

"Maji ya baridi? Nani kakufundisha? Acha! Acha huo mwiko!"

"Hivi si sawa?" ukamuuliza, unakoroga kwa mkono mmoja kama mtu anayefukuza inzi.

Akatukana kidogo kwa Kingoni, sitaandika. Kisha akashika ukuta. Akashika mwimo wa mlango. Nikaacha mpini chini. Mama yangu alisimama, akavuka kizingiti, akafika jikoni, akakunyang'anya mwiko na kukusukuma kwa kiuno chake kile kile kibovu. Alikoroga muda mrefu akikusema wewe, mama yako na shule zenu, ndipo akanyamaza ghafla. Akatazama miguu yake. Kisha akakutazama wewe.

Wewe ulikuwa umeshika kuni tu, uso mkavu kabisa.

Jioni nilikuuliza kama ulikosea makusudi. Ukasema, "Baba, ule ugali si tuliula?" ukaingia ndani. Hujanijibu mpaka leo, na sitaki unijibu. Tuliula ule ugali, wenye madonge, bibi yako akiwa amesimama anatupakulia, na mimi, msaidizi mwenye cheti, nilikuwa pale mezani nimenyamaza kama mwanafunzi.

Mimi baba yako,
Egno